Ndoa ya Baba Isisubiri Desemba

Mbagala, Dar es Salaam
Alhamisi asubuhi

Kaka Anaeli,

Shikamoo kaka. Hamjambo hapo nyumbani? Wifi anaendeleaje na mgongo wake, na watoto wamerudi shule salama? Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na baridi ya Julai iwe haijawalaza. Huku nako kumepoa kidogo, watu wamevaa masweta kwa hali ambayo mtu wa kwetu Kikwe angevua shati. Mimi mwili ni mzima ila roho iko juu juu. Tangu Jumanne chakula hakipiti, na cherehani nimeigusa kwa sababu moja tu, nitakueleza.

Najua utashangaa, barua ya nini wakati simu ipo. Simu nimeishika mara tatu nikairudisha mezani. Kwanza wewe ukipigiwa unaweka spika, na nyumba nzima inakaa kusikiliza kama taarifa ya habari, Baba akiwemo. Pili nakufahamu kaka yangu, ukisikia jambo usilolipenda unaanza kubishana kabla halijaisha. Barua huwezi kuikatiza. Ndiyo maana naikabidhi kwa Mama Glory, yule mteja wangu wa Sekei anayekuja Kariakoo kufuata vitenge. Anapanda basi kesho alfajiri, na akifika Usa River atashuka akupe mkononi, pamoja na mfuko mmoja. Soma peke yako. Nenda kule nyuma ya zizi, soma mpaka mwisho, halafu ndiyo ukasirike.

Nianze na jambo lenyewe maana nikizunguka nitaogopa. Ndoa ya Baba na Mama isisubiri Desemba. Baba hatafika Desemba. Na hata angefika, huenda asiwe na maneno ya kumjibu mchungaji. Kosa la sisi sote kuhesabu mpaka Desemba ni langu mimi Upendo, si la daktari.

Sasa ngoja nieleze lilivyotokea, na usiruke mstari.

Siku ile ya kwanza nilipowapeleka Baba na Mama hospitali, vipimo vilikuwa vimeshaonyesha kwamba saratani ya pafu imepanda kichwani, vivimbe vitatu, kimoja kikubwa upande wa kushoto. Daktari aliyetupokea ni binti mdogo, ukikutana naye njiani utadhani bado anasoma pale chuoni Makumira. Ana adabu lakini. Alimpa Baba shikamoo yake, akamwita mzee wangu, akavuta kiti akakaa karibu naye. Halafu akatoa karatasi.

Alitueleza kwamba mgonjwa wa saratani ya mapafu iliyofika kwenye ubongo, kabla hajapigwa mionzi, wanajaribu kukadiria ataishi kiasi gani baada ya mionzi hiyo. Wanaangalia umri wake. Wanaangalia vivimbe vya kichwani ni vingapi, na kama ugonjwa umefika sehemu nyingine nje ya kifua. Lakini kikubwa kuliko vyote, alisema, ni mgonjwa anajiweza kiasi gani yeye mwenyewe. Kila jibu lina alama yake, alama zinajumlishwa, na kwa jumla hiyo wanajua wampe mionzi ya namna gani na familia ijipange vipi.

Basi akaanza kumuuliza Baba.

"Mzee wangu, unaoga mwenyewe?"

"Naoga," Baba akasema.

"Na kuvaa je? Vifungo, viatu?"

"Navaa. Nani anivalishe?"

"Mchana unalala sana?"

Baba akacheka kile kicheko chake cha puani. "Binti yangu, mimi nina ng'ombe wawili wa maziwa. Nikilala, majani anakata nani?"

Daktari naye akacheka, akaandika.

Kaka, asubuhi ya siku hiyo hiyo Mama alimwogesha Baba bafuni kwangu, amemkalisha kwenye kigoda, nikisikia maji yakimwagika kidogo kidogo. Vifungo vya shati alimfunga yeye Mama. Kamba za viatu nilifunga mimi, nimepiga magoti sebuleni. Na hao ng'ombe tangu Pasaka unawakatia majani wewe. Mama aliangalia sakafu. Mimi nilimwangalia Mama. Hakuna aliyefungua mdomo.

Unajua tulivyolelewa. Kumkosoa Baba mbele ya mgeni, tena kwa mambo ya bafuni, tena kwa mtoto wa kike wa umri wa wajukuu zake! Nilitaka kusema, nakuapia. Neno lilifika kooni nikalimeza. Baadaye nikamuuliza Mama mbona alinyamaza, akanijibu kwa ukali: "Ningesemaje? Kwamba mume wangu namwogesha? Mbele ya mtoto yule?" Nikaona ana haki. Mpaka leo naona ana haki, na hapo ndipo ninapoumia.

Daktari akajumlisha alama zake, akasema kwa mzee anayejiweza hivi kuna sababu ya kutumaini. Mambo yakienda vizuri Krismasi ataila nyumbani, na pengine akaivuka. Akaongeza kwamba hayo ni makadirio, si ahadi, na kwamba yanategemea haya tuliyomwambia. Hayo ya mwisho masikio yangu yaliyaruka. Nilisikia Krismasi tu. Nikatoka kwenye korido nikakupigia, ukapiga kelele ya furaha mpaka wagonjwa wakageuka. Wiki ile ile ukaunda kamati ya harusi ya Desemba, wewe mwenyekiti, shangazi wa Makumira mweka hazina, na sare ikachaguliwa kabla hata Baba hajaingia kwenye mashine. Nilikucheka wakati ule. Sasa sicheki, maana kamati nzima imesimama juu ya uongo nilioubeba mimi kwenye simu.

Mionzi yenyewe ilikuwa vipindi kumi. Kabla ya kuanza wanalainisha plastiki yenye matundu kwenye maji ya moto, wanamfunika nayo usoni mpaka inashika sura yake, na kila siku anavalishwa hiyo hiyo na kubanwa kitandani ili kichwa kisicheze. Siku ya kwanza Baba alitoka akatuambia, "Wamenitengenezea uso wa pili, huu wa kwanza hawakuupenda." Tulicheka sote. Kufika kipindi cha sita hakuwa na utani tena. Anakaa kwenye benchi akinisubiri nimfunge kamba za viatu, ananyoosha mguu tu bila kusema. Jioni moja nilimpikia loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, ila kwa mtindi wa dukani, akaonja, akataka kuniambia kitu kuhusu ule mtindi, nafikiri alitaka kuuponda. Neno halikuja. Aliliangalia bakuli kwa muda mrefu, halafu akasukuma kijiko. Baba yetu, kaka, ambaye kwenye kikao cha ukoo hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Waliondoka Jumamosi kama unavyojua. Jumanne nikaenda hospitali peke yangu kuchukua ripoti ya kuwatumia. Yule daktari akaniuliza mzee amefikaje. Nilianza kusema amefika salama, nikajikuta ninalia mbele ya foleni ya watu. Akanipeleka ndani. Nikamwambia yote, maji ya bafuni, vifungo, viatu, majani ya ng'ombe, na kwamba kwa siku Baba analala zaidi ya anavyokaa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kabla hatujaja kwako."

"Kwa nini hamkusema?"

"Ni baba yangu, daktari."

Alivua miwani akaifuta na ncha ya koti lake jeupe. "Hata wa kwangu asingesema," akaniambia. "Na mimi nilipaswa kuwauliza ninyi pembeni. Sikufanya hivyo." Halafu akatoa faili la Baba, akakata alama ile kwa kalamu, akajumlisha upya mbele yangu. "Dada Upendo, ningejua hili ningempa vipindi vitano badala ya kumi. Angerudi nyumbani wiki moja mapema."

Wiki nzima, kaka. Wiki nzima ya Baba ameimalizia kwenye benchi la hospitali kwa sababu mimi niliona haya. Sijui nitaiweka wapi hii.

Nikamuuliza, sasa ni miezi mingapi? Akasema tusihesabu miezi, tuhesabu wiki. Nikamuuliza wiki ngapi, akasema hajui. Alisema karatasi ile imetokana na wagonjwa wengi sana, haimjui Baba, na wapo waliowashangaza. "Lakini kama kuna jambo mnalingoja," akasema, "msilingoje." Nikamweleza habari ya ndoa. Akauliza kama Baba atatakiwa kuzungumza. Nikamwambia ndiyo, mchungaji anauliza na lazima ajibu mwenyewe kwa kinywa chake. Akanionyesha kwenye picha ya kichwa kile kivimbe kikubwa cha kushoto. Huko ndiko maneno yanakotoka. Mionzi inaweza kukizuia kwa muda, inaweza isikizuie. Akasema hayo kwa upole.

Sasa najua unachotaka kusema, hata kutoka huku nakusikia. Utasema Baba amerudi mtu mpya, ameomba nyama siku ya pili tu, amejikongoja mpaka zizini kuwaona ng'ombe. Uliniambia kwenye simu kwa furaha kubwa nami nikaitikia kama mjinga. Kaka, ni vile vidonge vyeupe vidogo vya asubuhi. Vinapunguza uvimbe kichwani, mgonjwa anachangamka, anapata njaa ya ajabu. Daktari alinieleza. Wiki ijayo vinaanza kupunguzwa, na nguvu nayo inaweza kushuka. Msije mkaona ameshuka mkadhani kuna mtu amemfanyia kitu, mkaanza kutafutana ubaya na majirani. Na mtu asimwachishe vidonge ghafla kwa kuona amepona, ni hatari.

Kwa hiyo nakuomba, na nimepiga magoti ninapoandika hivi ingawa hunioni, uende kwa mchungaji Jumamosi. Mwambie atangaze ndoa Jumapili hii hii. Najua utaratibu ni Jumapili tatu. Basi zikishatimia tatu, siku ya pili yake wafungishwe. Kanisa halihitaji kujaa. Ndugu yetu Elisante akiweza kutoka Mwanza aje, asipoweza atapigiwa picha. Kwaya isipokuja wajukuu wataimba.

Usiniambie watu watasema. Nakujua unavyoogopa watu. Watasema watoto wa mzee wamewafungisha wazazi wao ndoa kama watu waliokimbizwa, bila sare, bila keki, bila hema. Waache waseme wakiwa wamekaa kwenye viti vyetu. Hao wanaosema ndio hao hao wamemwona Mama miaka yote kwenye benchi lile la tatu. Siku ya Meza ya Bwana wenzake wanainuka kwenda mbele, yeye anakunja magoti pembeni ili wapite. Halafu wanarudi, anakunja tena. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani ana ugonjwa wa miguu. Nilipopata kipaimara ndipo nikaelewa kwamba ni kwa sababu ya Baba, kwamba walianza kuishi pamoja bila kanisa, na kila mwaka kukawa na sababu, mara nyumba haijaisha, mara ada zetu, mara Baba anasema ndoa yake Mungu anaijua. Mama hakuwahi kugomba. Alikunja magoti tu.

Na Baba mwenyewe ndiye aliyegeuka. Ulikuwepo, siku ile mlipoletewa majibu ya kichwa. Hakuuliza habari ya dawa. Alisema, "Nataka nimpeleke mama yenu kanisani." Miaka yote hiyo, leo ndiyo anasema! Nilipolisikia nilimkasirikia, nikamhurumia, vyote kwa pamoja.

Usimwambie Baba habari ya wiki kama hajauliza. Mwambie tu watoto tunataka ndoa iwe sasa. Akikuuliza sababu mwambie ukweli, naye si mtoto. Akiuliza nani amemsema kwa daktari, sema ni mimi. Mama usimtwishe.

Kwenye mfuko atakaokuletea Mama Glory mna gauni la Mama. Nimelishona jana na juzi, ndiyo hiyo kazi pekee niliyogusa. Nimeliachia nafasi kiunoni kwa sababu anajidai amekonda na hajakonda. Baba msimshonee koti jipya. Chukueni lile la kijivu, wifi alibane kwa pini kwa nyuma, mbele halitaonekana. Sare za kamati ziko hapa, sijazikata na sizikati. Kuhusu mimi, begi limefungwa tangu Jumanne. Mkinipa siku nakuja, lakini nikichelewa kwa lolote msinisubiri. Umenisikia? Msinisubiri.

Nisalimie wifi, mwambie nashukuru kwa uji anaompikia Baba. Shangazi wa Makumira mpe shikamoo yangu na umwambie hazina yake itapata kazi nyingine. Wajukuu wote wa Baba, hasa yule wako wa mwisho anayemsomea Zaburi, waambie shangazi yao anawapenda. Jirani yetu fundi mwashi naye, mwambie asiondoe yale mabenchi yake uani kwetu, wageni watayakalia. Na Mama mwamkie polepole, bila kumwonyesha kwamba umelia.

Ni mimi mdogo wako aliyenyamaza pale alipotakiwa kusema,
Upendo

Alhamisi hiyo hiyo, saa nane mchana

Kaka, Mama Glory yuko mlangoni anausubiri mfuko, nimemwomba dakika tano. Nimetoka kumpigia Mama sasa hivi nizungumze na Baba. Mama akamwekea simu sikioni. Nikamwamkia, kimya. Namsikia anavyopumua. Nikamuuliza amekula nini, akaanza neno, likakatika, akaanza tena, likakatika pale pale. Nikamsikia Mama kwa mbali anasema, "Leo maneno yamemgomea tangu asubuhi." Nilitaka kukata simu nisimtese. Halafu nikamuuliza tu, "Baba, bado unataka kumpeleka Mama kanisani?"

"Ndiyo," akasema. Wala hakutafuta. Akarudia, "Ndiyo."

Kwa hiyo yale niliyoandika ya Jumapili tatu yafute. Mwombe mchungaji aje nyumbani, mwambie hali ilivyo, kwa mgonjwa anajua la kufanya. Atakachomuuliza Baba kinataka neno moja, na neno hilo bado analo. Ukimaliza kusoma usirudi ndani kwanza. Nenda.